Kunena Kabla ya Yakini: Mazingatio juu ya Kazi ya Kuhesabu Papa

Mwalimu wa lugha akizungumza juu ya papa, msomaji ana haki ya kumwuliza ana ujamaa gani na samaki huyo. Hapa Uganda hatuna bahari. Methali za bahari twazifundisha kwa watoto ambao maji makubwa waliyoyaona ni ya ziwa, na papa wamemwona kitabuni tu. Lakini suala ninalokusudia kulijadili katika makala haya si la samaki hasa. Ni suala la ulimi, na ulimi ndio kazi yetu. Nalo ni hili: mtu mwenye elimu akiona dalili za hatari, naye bado hajapata yakini, je, ni halali kwake kunena? Au yampasa anyamaze mpaka yakini ipatikane?

Wahenga hawakutuachia jibu moja. Walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nao hao hao wakasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ya kwanza yatuonya tusiseme tusilolijua. Ya pili yatuonya tusingoje mpaka nyumba ianguke. Mwanafunzi hodari huuliza: mwalimu, ipi ndiyo ya kufuatwa? Mara nyingi twamjibu kwamba kila methali ina mahali pake, kisha twaendelea na somo. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Halimsaidii mtu ambaye ameuona ufa, na papo hapo anauogopa ulimi wake mwenyewe.

Katika elimu ya kuwahesabu na kuwahifadhi papa mgongano huu umejitokeza waziwazi, tena kwa matokeo yaliyokwisha kuonekana. Elimu hii ina vyuo vyake na walimu wake, nayo hutangaza nafasi kwa vijana wanaotaka kusomea shahada ya udaktari. Tuitazame kwanza ilivyo, kisha tulijadili swali letu.

1. Mzamivu na kazi yake

Kiswahili kimeipa shahada ya udaktari wa falsafa jina la uzamivu, neno litokanalo na kuzama. Mzamivu ni mtu ashukaye chini ya maji kutafuta lulu, au kukikagua chombo kilichoharibika, kisha akaibuka na habari. Walio juu hawaoni anachokiona. Akiibuka na kusema ameona jambo kadha wa kadha, hawana njia ya upesi ya kumpima. Ama watalipokea neno lake, ama watalikataa. Kwa elimu nyingi jina hili ni sitiari. Kwa mwanafunzi wa papa ni hali yake hasa, maana kitu anachokitolea habari kimo majini, na wanaomsikiliza wako nchi kavu.

Papa hawahesabiki kama ng'ombe wapitao mlango wa zizi mmoja mmoja. Huhesabiwa kwa dalili, na kati ya njia zinazotumiwa nitazitaja tatu. Ya kwanza ni daftari za wavuvi. Nahodha huandika ametupa ndoana ngapi na amepata samaki gani. Ikiwa ndoana elfu moja zilileta papa kumi zamani, na leo zinaleta wawili, mtaalamu hukisia kwamba papa wamepungua. Ya pili ni kamera. Hushushwa chini pamoja na chambo, kisha mtu hukaa akiitazama filamu na kumwandika kila papa apitaye. Utafiti mkubwa wa namna hii ulitolewa mwaka 2020 ukiongozwa na Aaron MacNeil. Ulipita miamba ya matumbawe 371 katika nchi 58, na katika takriban mwamba mmoja kwa kila mitano hakuonekana papa hata mmoja. Ya tatu ni alama za mwili. Papa potwe, ambaye Kenya huitwa papa shilingi, ana madoa meupe mwilini, na mpangilio wa madoa ya mmoja si wa mwenzake. Papa hao hukusanyika karibu na kisiwa cha Mafia, na watafiti wamekuwa wakiwapiga picha na kuwatambua kwa madoa hayo. Njia ya kuyalinganisha madoa kwa kompyuta, iliyotolewa mwaka 2005, iliazimwa kutoka kwa wataalamu wa nyota.

Tuchukue mfano mwepesi ili mwendo wa hesabu uonekane. Tuseme leo tumewapiga picha papa hamsini. Mwezi ujao twarudi, twapiga tena picha za papa hamsini, na twakuta kumi kati yao ni wale wale wa mwanzo. Kumi katika hamsini ni moja ya tano. Basi twakisia kwamba wale hamsini wa kwanza walikuwa moja ya tano ya papa wote, na kwamba wote ni kama mia mbili na hamsini. Hesabu hii mtoto wa darasa la saba aiweza. Lakini tazama ni mambo mangapi tumeyakubali bila kuyaona: kwamba hakuna papa aliyehama, kwamba hakuna aliyekufa wala aliyezaliwa, kwamba papa mwoga na papa mzoefu wana bahati sawa ya kupigwa picha. Moja la mambo haya likienda upande, na idadi nayo huenda upande.

Kuyapima mambo haya yaliyofichika ndiyo kazi ya mzamivu wa hesabu. Ndiyo sababu nafasi zake humtaka mtu ajuaye takwimu na kuandika programu za kompyuta kuliko mtu ajuaye kuogelea. Idadi anayoitoa mwishoni si kitu alichokiokota baharini kama kombe. Ni hukumu aliyoitoa baada ya kuwasikiliza mashahidi wengi, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeona kila kitu.

2. Kesi ya mwaka 2003

Katika mji wa Halifax, nchini Kanada, kiko Chuo Kikuu cha Dalhousie, ambacho ni miongoni mwa vyuo vilivyopata sifa kwa elimu hii. Mwezi wa Januari 2003 Julia Baum, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada za juu chuoni hapo, pamoja na mwalimu wake Ransom Myers na wenzao, walitoa makala katika jarida la Science. Walikuwa wamezichambua daftari za meli za Kimarekani zilizovua kwa mishipi mirefu katika Atlantiki ya kaskazini-magharibi tangu mwaka 1986 hadi 2000. Mishipi hiyo ilikuwa imetupwa zaidi ya mara laki mbili. Walihitimisha kwamba karibu aina zote za papa walizozipima zilipungua kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka minane hadi kumi na mitano. Aina moja ya papa wenye kichwa cha nyundo ilikisiwa kupungua kwa asilimia 89.

Habari hiyo ilishtua wengi, na haikupokewa na wote. Mwaka 2005 wataalamu wengine, wakiongozwa na George Burgess wa Florida, walitoa makala ambayo kichwa chake kiliuliza kama anguko hilo ni la kweli. Hoja zao zilikuwa nzito. Mvuvi huandika daftari kwa ajili ya samaki anaowauza. Papa aliyenaswa kwa bahati mbaya huenda asiandikwe, au akaandikwa kwa jina lisilo lake. Aina ya mishipi na kina cha kutupia vilibadilika miaka ilipokwenda. Tena zilikuwako kumbukumbu nyingine ambazo hazikutumiwa. Hata hivyo hawakukana kwamba baadhi ya papa wamepungua. Walichokipinga ni kiasi, na uhakika wa usemi. Baum na wenzake wakajibu mwaka huo huo, wakiutetea mwelekeo wa matokeo yao.

Je, mwanafunzi yule alijikwaa ulimi? Anayetaka kungoja ana la kusema. Onyo la msomi si neno la barazani. Hugeuka kuwa sheria, na sheria humfikia mvuvi mwenye watoto na deni la chombo. Kumnyima mtu riziki yake kwa idadi ambayo kesho itafutwa ni dhuluma. Isitoshe, elimu ikionya mara tatu bure, mara ya nne haitasikilizwa hata ikisema kweli.

Yaliyofuata yalikuwa hivi. Mwaka 2009 watafiti wengine walitoa tathmini mpya ya papa hao wenye kichwa cha nyundo, wakitumia kumbukumbu za namna nyingi. Walikisia kwamba wamepungua kwa takriban asilimia 83 tangu mwaka 1981. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba papa hao wamevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2013, katika mkutano uliofanyika Bangkok, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uitwao CITES, ziliafikiana kuiwekea mipaka biashara yao. Hesabu ya kwanza na ya pili hazikulingana, wala hazikuanzia mwaka mmoja. Lakini zote mbili zilielekea upande mmoja.

Hapa yafaa tujihadhari na hukumu ya haraka. Wapo watakaosema: basi, Baum alithibitika kuwa mkweli, kwa hiyo alitenda vema kunena. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtahiniwa aliyebahatisha jibu hajathibitisha kwamba alisoma. Uhalali wa neno hauamuliwi na yale yatakayotokea baada ya miaka sita. Huamuliwa siku lilipotamkwa, kwa namna lilivyotamkwa. Kilichoihalalisha makala ya mwaka 2003 ni kwamba ilisema habari zake zimetoka wapi na zimechambuliwaje, hata mpinzani akapata pa kushika. Burgess na wenzake waliweza kuibishia kwa sababu ilikuwa imejiweka wazi kubishiwa. Neno lisilo na pa kushikwa haliwi na nguvu kwa sababu hiyo. Ni neno lililokimbia baraza.

3. Gharama ya kimya

Tumewasikiliza wanaotaka kungoja. Tuwasikilize na wanaokataa. Hawa husema kwamba anayengoja yakini hudhani amesimama pembeni, kumbe naye yumo ndani ya kesi. Kimya chake kina matokeo, na matokeo hayo hutegemea ni kiumbe gani anayengojewa.

Papa si kama dagaa. Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu. Papa huzaa au hutaga kwa uchache, tena baada ya kukawia kukomaa. Yuko papa mdogo wa bahari za baridi, ajulikanaye na wataalamu kwa jina la Squalus acanthias, ambaye hubeba mimba kwa muda unaokaribia miaka miwili. Jamii yenye mwendo huo ikipunguzwa kwa miaka kumi, haijazi pengo lake kwa miaka kumi. Basi kila mwaka wa kungojea yakini si mwaka mtupu. Hulipwa kwa papa, na deni lake hulipwa na watu ambao hawajazaliwa.

Nayo hali ya dunia si ya kubishiwa sana tena. Mwaka 2021 Nathan Pacoureau, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, na wenzake walitoa makisio kwamba wingi wa papa na taa wa bahari kuu umepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Mzigo wa uvuvi juu yao, ukilinganishwa na wingi wao, uliongezeka mara kumi na nane. Mwaka huo huo Nicholas Dulvy, wa chuo hicho hicho, na wenzake walitoa tathmini ya aina 1,199 za papa na jamaa zao. Aina 391 zilionekana kuwa katika hatari ya kutoweka. Kabla ya hapo, mwaka 1992, mataifa yaliyokutana Rio de Janeiro yalikuwa yamekwisha kukubaliana kwamba panapokuwa na hatari ya madhara makubwa au yasiyorekebishika, ukosefu wa yakini kamili usifanywe kisingizio cha kuahirisha hatua za kuzuia uharibifu wa mazingira. Huo ndio ufa wa methali yetu, ulioandikwa kwa lugha ya mikataba.

Kwa hiyo sioni kwamba kungoja ni njia salama. Kujikwaa kidole kuna nafuu kwa mwenye kidole. Lakini hapa anayeumia si yule anayenyamaza. Unyamavu unaomlinda msomi na aibu, huku gharama yake ikilipwa na mwingine, haustahili kuitwa hekima.

4. Kesi ya taa

Lau ningeishia hapo, ningekuwa nimetoa ushauri mwepesi: onya mapema, na Mungu atasaidia. Lakini iko kesi ya pili, nayo yatulazimisha kwenda polepole.

Mwaka 2007 Myers, Baum na wenzao walitoa makala nyingine katika jarida lile lile. Walisema kwamba papa wakubwa wamepungua katika pwani ya mashariki ya Marekani, na kwamba samaki waliokuwa wakiliwa nao wameongezeka. Miongoni mwa hao ni taa mmoja mwenye pua iliyogawanyika kama ya ng'ombe. Taa hao, makala ilisema, wamewala chaza wa North Carolina hata uvuvi wa chaza uliodumu kwa karne nzima ukafikia kikomo. Lilikuwa simulizi zuri, lililofungamana kama mnyororo: papa akitoweka, taa anazidi, taa akizidi, chaza anakwisha, chaza akikwisha, mvuvi anakosa kazi. Myers mwenyewe alifariki mwezi wa Machi mwaka huo huo, akawaacha wengine waendelee na mjadala.

Watu walilipenda simulizi hilo, na walilichukua mbali. Katika Ghuba ya Chesapeake ilienezwa kampeni ya kuwataka watu waiokoe ghuba kwa kuwala taa, na yalikuwako mashindano ya kuwapiga kwa mishale. Mwaka 2016 Dean Grubbs na wenzake waliupima mnyororo ule pete baada ya pete. Walionyesha kwamba nyakati za kupungua kwa papa, kuongezeka kwa taa na kwisha kwa chaza hazilingani kama ilivyosemwa. Walionyesha kwamba chaza wa biashara si sehemu kubwa ya chakula cha taa huyo. Tena taa huyo huchelewa kukomaa, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu baada ya mimba ya karibu mwaka mzima. Hawezi kuongezeka kwa kasi iliyodaiwa, wala hawezi kustahimili kuvuliwa sana. Mwaka 2017 jimbo la Maryland lilipitisha sheria ya kuyasimamisha kwa muda mashindano ya kuwaua.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Neno lililotamkwa ili kumtetea samaki mmoja anayezaa polepole lilitumiwa kumhukumu samaki mwingine anayezaa polepole. Waandishi wa makala hawakuwatuma watu kushika pinde. Walakini walikuwa wameitoa dhana ikiwa imevaa vazi la simulizi lililokamilika, na simulizi lililokamilika halimwachii msikilizaji nafasi ya kusema “huenda”.

Tofauti ya kesi hizi mbili ndiyo inayotupa jibu. Katika ile ya kwanza, dalili zilizokuwapo ziliulizwa jambo moja: je, papa wamepungua? Katika ya pili, mambo matatu yaliunganishwa, na kila kiungo kilikuwa na shaka yake. Shaka tatu zilizofuatana hazipungui, hujumlishwa. Anayenena kabla ya yakini juu ya jambo moja amechukua mzigo mmoja. Anayenena juu ya mnyororo amechukua mizigo mingi, na yampasa aseme hivyo kwa sauti ile ile anayoitumia kusema hitimisho.

5. Masharti ya kunena

Jibu langu, basi, ni kwamba yafaa kunena kabla ya yakini, na mara nyingine ni wajibu; lakini kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kutaja asili ya neno. Mwenye kutoa idadi aseme ameipata kwa nani, kwa njia gani, na ni mambo gani ameyakubali bila kuyaona. Hili tumeliona katika kesi ya mwaka 2003.

Sharti la pili ni kuitaja shaka pamoja na kipimo chake. Mfano mwema ni wa mwaka 2016. Watafiti waliupima umri wa papa wa Greenland kwa kuchunguza kiini cha jicho lake, wakatangaza kwamba yule mkubwa kuliko wote waliompima alikuwa na umri wa miaka 392, ikizidi au ikipungua kwa 120. Hawakuona haya kuitaja ile 120. Kwa hiyo msomaji alijua mara moja kwamba hata kwa kisio la chini kabisa papa huyo ameishi miaka 272. Shaka iliyopimwa haikuidhoofisha habari. Iliipa mguu wa kusimamia. Kinyume chake ni yaliyolipata kisio la Boris Worm na wenzake la mwaka 2013, kwamba papa wanaouawa kila mwaka ni kama milioni 100. Wenyewe walisema idadi yaweza kuwa popote kati ya milioni 63 na milioni 273. Lakini milioni 100 ni idadi nyepesi mdomoni, ikaenda mbio peke yake, na nduguze wawili wakaachwa nyuma.

Sharti la tatu ni kulifuata neno baada ya kulitoa. Mshale ukishatoka upindeni haurudi, lakini aliyeupiga aweza kupiga kelele watu wakae kando. Msomi akisikia neno lake linatumiwa kupita mpaka aliouweka, asijitetee kwa kusema kwamba makala yake haikusema hivyo. Ana deni la kusimama na kusema: sikufika huko. Na wengine wakimsahihisha kwa hoja, akubali, maana aliyenena kwa shaka hakuahidi kwamba hatakosea. Aliahidi kwamba atasahihishika.

Masharti haya yanaigeuza nafasi ya uzamivu. Kijana anayeipata huipokea kama tuzo ya akili yake, na ni haki yake kufurahi. Lakini aliyekubaliwa kuzama kwa niaba ya wengine amepewa amana pia. Daftari alizozichambua Baum ziliandikwa na mabaharia katika baridi na mawimbi. Picha za potwe zimepigwa katika maji ambayo watu wa Mafia huyaita yao. Wengi wa papa walio hatarini wanaishi katika maji ya pwani za nchi za joto, pwani yetu ya Afrika Mashariki ikiwemo, ilhali nafasi nyingi za kuwahesabu zimo katika vyuo vya nchi za baridi. Hili si kosa la mwanafunzi yeyote. Lakini lina maana kwamba mzamivu huyo, awe ametoka Kanada au Kilwa, hawezi kuibuka na kumwambia profesa wake peke yake. Yule aliyempa habari naye yuko chomboni akingoja.

6. Sehemu yetu walimu

Huenda mwalimu akasema: masharti haya ni ya wanasayansi. La hasha. Mawili kati ya mahitaji yao ya kwanza ni mali ya mwalimu wa lugha.

Hitaji la kwanza ni majina. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila majina ni karatasi tu. Katika ubishi wa mwaka 2005 jambo moja lililoleta shaka ni papa walioandikwa kwa jina lisilo lao. Mahali pengi pa kushushia samaki papa wa kila namna huandikwa kwa neno moja, papa, ingawa mvuvi aliyewaleta ana jina la kila mmoja. Aina inaweza kwisha kabisa, na neno “papa” likaendelea kujaa daftarini kana kwamba hakuna kilichopungua. Walimu wenzetu wa pwani wakiwatuma wanafunzi wao kwa wazee wa uvuvi wakayakusanye majina hayo pamoja na maelezo yake, watakuwa wamefanya kazi ya lugha, na papo hapo watakuwa wamemwekea mzamivu wa kesho jiwe la kwanza.

Hitaji la pili ni sarufi ya shaka. Kiswahili ni tajiri hapa. Tuna labda, pengine, huenda, yamkini; tuna dhana, kisio, yakini; tuna viambishi -nge- na -ngali-. Lakini tunayafundishaje? Mara nyingi kama mapambo ya insha, au kama vijazio vya nafasi zilizoachwa wazi katika mtihani. Mwanafunzi huondoka akidhani kwamba “huenda” ni neno la mtu asiyejua, na kwamba mwenye elimu husema “hapana shaka”. Tumwambie kinyume chake. “Huenda” iliyowekwa mahali pake ni ushahidi kwamba msemaji amepima, na “hapana shaka” isiyopimwa ni uongo hata ikiwa jambo lenyewe ni kweli. Mtoto wa bara atakayeshika tofauti hiyo darasani ataihitaji siku atakapoulizwa juu ya sangara wa ziwa letu, au juu ya mvua, au juu ya jirani yake aliyetuhumiwa.

Sasa yule mwanafunzi hodari aliyeuliza ni methali ipi ya kufuatwa anaweza kujibiwa. Ufa huzibwa mapema, na anayeuona ana wajibu wa kusema. Lakini aseme ameuona wapi, una upana gani kwa kadiri ya kipimo chake, na macho yake yalikoma wapi. Akisema hivyo, hata wengine wakija baadaye wakaona kwamba ufa ni mfupi kuliko alivyodhani, hatakuwa amejikwaa ulimi.